Deraya ya askari wa anga, ya kutengeneza nyumbani Mwanza: foamu, bomba la PVC au faiba?

Jiwe_Juu_ya_Jiwe

Mwangaluka wakuu.

Naomba mwongozo wa kutengeneza deraya kamili ya mtindo wa hadithi za kubuni za kisayansi. Ni askari wa anga za mbali, si wa zama za panga na ngao. Umbo nimelichora mwenyewe, halijatoka kwenye filamu yoyote, kwa hiyo hakuna kiolezo cha kupakua. Vipande ni chapeo iliyofunika uso wote, dirii ya kifua na mgongo, mabega, mikono kuanzia kiwiko hadi kifundo, mapaja, magoti na miundi.

Vipimo vya mvaaji: urefu sm 172, kifua sm 96, kiuno sm 82, paja sm 56, kichwa sm 57. Itavaliwa mchana kwa saa 4, nusu ukumbini na nusu nje kwenye mawe ya ziwani kwa ajili ya picha. Printa ya 3D sina. Nina kisu cha wembe wa kuvunja, rula ya chuma, draya ya nywele na msasa.

Maswali:

1. Malighafi ipi inafaa kwa kipande kipi? Mmoja ananiambia mikeka ya foamu ya watoto, mwingine bomba la maji taka, mwingine faiba kama ya boti.
2. Kwenye jaribio la vipande 2 vya mkeka, gundi ya viatu ilifanya utando mweupe kisha viungo vikaachia kesho yake. Mvua ilikuwa inanyesha. Tatizo ni gundi au ni mimi?
3. Chapeo yenye kioo nitaizuiaje isijae mvuke?
4. Taa za kifuani na kwenye mikono, zinawashwa na nini?

Nipo Buzuruga, kufika mjini si shida.

---

Soli_Ngumu

Mkuu, kabla ya malighafi anza na viungo vya mwili. Deraya haishindwi kifuani, inashindwa kwapani, kwenye kiwiko, kwenye nyonga na nyuma ya goti. Mvaaji akae kwenye kiti, achuchumae, anyooshe mikono juu. Popote ngozi inapokunjwa, acha nafasi ya sm 4 hadi 5 kati ya kipande na kipande. Nafasi hiyo itafichwa na nguo nyeusi ya ndani, mtazamaji haioni.

Kiolezo: mvaaji avae nguo atakazovaa siku yenyewe, umzungushie nailoni mwilini, juu yake selotepu ya karatasi, matabaka 2. Chora mistari ya vipande kwa kalamu, weka alama za katikati na mishale ya juu na chini, halafu kata kwa mkasi ukianzia mgongoni. Utakapotandaza, sehemu isiyokubali kulala itie mkato. Hiyo mikato ndiyo itakayogeuka viungo vya kuunganisha foamu. Hamishia kwenye karatasi ya manila, kisha tengeneza kila kitu kwa boksi kwanza. Boksi la televisheni halina gharama, mkeka una gharama.

Sasa kosa ambalo karibu kila anayeanza hulifanya. Kiolezo kimechukuliwa juu ya mwili, lakini foamu ina unene. Ukiikunja kuwa duara, upande wa ndani unabanwa na wa nje unavutwa, na mstari usiobadilika upo katikati ya unene. Kwa hiyo duara kamili linahitaji kuongezwa unene mara 3.14. Foamu ya mm 10, ongeza mm 31. Foamu ya mm 6, ongeza mm 19. Dirii ya vipande 2 (mbele na nyuma) igawie nusu kwa nusu. Asiyeongeza anapata dirii inayombana pumzi, anadhani amepima vibaya.

Malighafi: mikeka ya watoto ya kuunganisha kama fumbo, sm 60 kwa 60, unene mm 10 hadi 12, mingi ni EVA. Ndiyo familia moja na foamu ya kandambili. Kwa seti yako nunua mikeka 8 hadi 10, na usisahau kuwa kuna upotevu wa meno ya pembeni. Ibonyeze kwa kidole gumba: ikirudi mara moja, sawa, alama ikibaki, iache. Mikeka ya mazoezi ya kukunja kama jamvi mara nyingi si EVA. Inavutika, haishiki umbo ukiipasha, na rangi inabanduka juu yake. Kwa mapambo na mistari ya juu tafuta shiti nyembamba za mm 2 hadi 5 kwa wauzaji wa malighafi za viatu. Uliza shiti ya insoli, watakuelewa.

Dirii, mgongo na mapaja: mm 10. Mikono, miundi na chapeo: mm 6. Ukikosa mm 6, tumia mm 10 na ukubali umbo nene kidogo, lakini usijaribu kuchana mkeka unene wake kwa kisu cha mkono. Haitoki sawa.

Wembe ndio nusu ya kazi. EVA inakula makali haraka kuliko karatasi. Vunja kipande cha wembe kila baada ya mikato mirefu 4 au 5, na katikati ya hapo unoe kwenye msasa namba 400. Kata kwa mapito 2: la kwanza linachora, la pili linapita hadi chini, mkono ukiwa na pembe ileile. Ukiona kingo zimechanika kama mkate, wembe umekwisha, usiongeze nguvu. Kona ya nyuzi 90 inataka kila upande ukatwe kwa nyuzi 45.

Draya ya nywele haitoshi kwa mm 10. Azima kipuliza hewa moto kwa mafundi wanaobandika tinti za magari. Kinakula wati 1,500 hadi 2,000, yaani nusu saa ya kazi ni kama uniti 1 ya LUKU. Pitisha sm 10 hadi 15 juu ya foamu, usisimame sehemu moja. Uso ukianza kung'aa, vitundu vimejifunga, na hapo ndipo inakunjika. Ikunje juu ya goti lako, chungu au chupa kubwa, ishikilie hadi ipoe, kama dakika 1. Ikitoa moshi umeiunguza, na moshi huo usiuvute.

---

Kamba_ya_Chelezo

Nakubali violezo vya Soli_Ngumu, ila kuifanya chapeo yote kwa foamu ya mm 6 siafiki. Chapeo ndiyo inayotazamwa karibu, na kwa kila kona ya foamu utaona mshono. Faiba inatoa uso laini kama wa gari. Mwanza ni mji wa boti, na anayeuza rezini (majimaji ya plastiki yanayoganda) na mkeka wa faiba kwa ajili ya boti atakupimia kiasi kidogo.

Hesabu ya chapeo: eneo lake ni kama mita ya mraba 0.35. Mkeka wa faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba, matabaka 2, ni gramu 315 za faiba. Rezini ya poliesta ni mara 2.5 ya uzito wa faiba, yaani gramu 790 hivi. Chapeo itatoka na kilo 1.1, ukiongeza puti (kijazio cha bodi za magari) na rangi isipite 1.5. Ukizidisha rezini hupati nguvu, unapata uzito na nyufa. Nguvu ipo kwenye nyuzi.

Ganda la kwanza lijenge kwa manila nene, vipande vikate na kuunganisha kwa gundi. Paka rezini nje mara 1, iache ikauke kabisa ndipo uendelee, vinginevyo uzito wa faiba mbichi utaipindisha karatasi na utosi utakaa upande. Faiba inawekwa ndani, siyo nje. Nje ni ya puti na msasa: 80, 120, 240, 400 kwa maji.

Hadina, yaani kemikali ya kugandisha rezini, ni asilimia 1 hadi 2. Changanya rezini gramu 200 tu kwa mkupuo na hadina ml 2, ipime kwa bomba la sindano jipya. Kwa joto letu la mchana, nyuzi 28 au 29, una dakika 15 hadi 20 kabla haijawa jeli. Chini ya asilimia 1 itabaki mbichi. Juu ya 2 itachemka kwenye kopo, itatoa moshi na kupasuka. Uso ukibaki unanata kidogo wakati chini pameganda, ni hewa inayozuia tabaka la juu kukauka: lifunike kwa nailoni au lifute kwa asetoni kabla ya msasa.

Hadina ikiingia jichoni inaweza kulipofusha. Vaa miwani, weka ndoo ya maji safi pembeni, na ikitokea, osha dakika 15 bila kukatisha huku mtu akitafuta usafiri wa hospitali. Na kama umeuziwa rezini yenye chupa 2 za kuchanganya, moja hadina na moja kiharakishi, hizo 2 zisikutane peke yake kamwe, zinalipuka. Kiharakishi kinaingia kwenye rezini kwanza, kinakorogwa hadi kiishe, ndipo hadina. Rezini nyingi zinakuja na kiharakishi ndani tayari, uliza kabla ya kulipa.

Jambo jingine: rezini hii inayeyusha ile foamu nyeupe ya kwenye maboksi ya vyombo vya umeme. Usiitumie kama umbo la ndani bila kuifunika kwa selotepu yote.

Bomba la PVC lina nafasi yake, ila dogo. Bomba la mm 110 ukilipasua kwa urefu na kulilaza linatoa ubao wa upana wa mm 345. Likiwa na ukuta wa mm 3, kipande cha sm 30 kina uzito wa karibu nusu kilo. Ukifanya dirii nzima kwa PVC, mvaaji atachoka kabla ya ufunguzi. Magoti na ncha za mabega tu, pale panapogongwa.

---

Jiwe_Juu_ya_Jiwe

Asanteni sana. Kamba_ya_Chelezo, hilo bomba nitalilainisha kwa kutumia nini kama kipuliza hewa moto hakijapatikana? Jiko la mkaa linafaa? Na swali la gundi bado nalisubiri.

---

Kamba_ya_Chelezo

Mkaa hapana kabisa. PVC ikiungua inatoa hewa ya tindikali, inachoma koo na mapafu, na juu ya mkaa huwezi kuona ni saa ngapi imevuka kutoka kulainika kwenda kuungua. Tumia maji yanayochemka. Hapa ziwani tupo zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100, lakini PVC inalainika kuanzia nyuzi 80, inatosha. Zamisha dakika 3 hadi 4 kwenye sufuria pana, itoe kwa koleo na glovu nene, ibane kati ya mbao 2 zenye uzito juu hadi ipoe. Baada ya kuilaza, chora umbo, kata kwa msumeno wa chuma, rudisha kwenye maji na uikunje juu ya ubao au bakuli lenye umbo la goti.

PVC inakumbuka. Ukiipasha tena hutaka kurudi kuwa bomba. Kwa hiyo isiachwe juani ndani ya gari, na kipande kilichokwisha kukunjwa usikirudie kukipasha bila kukibana upya.

---

Fundi_Gundi

Utando mweupe ni maji, mkuu. Gundi haina kosa. Vimiminika vilivyomo ndani ya gundi ya mpira vinapoyeyuka hewani vinapoza uso wa gundi, na hewa yetu ya masika au ya vuli ina unyevu mwingi, basi unyevu unatua pale juu kama umande kwenye bati la asubuhi. Ukibandika, umebandika maji kwa maji.

Dawa yake: mapema asubuhi na baada ya mvua usipake. Subiri kuanzia saa 4 asubuhi, fanya kazi kwenye chumba kilichofunguliwa madirisha lakini si barazani ambapo upepo wa ziwa unapiga moja kwa moja. Paka pande zote 2, tabaka jembamba. Ukingo uliokatwa una vitundu wazi, unanyonya, kwa hiyo paka mara 2: la kwanza liache likauke kabisa, la pili ndilo la kushika. Siku kavu dakika 8 hadi 10, siku ya unyevu 15 hadi 20. Kipimo ni mgongo wa kidole: ukigusa, uvute, isifuate kidole. Watu wengi wanabandika ikiwa bado inang'aa kwa umajimaji, ule umajimaji unafungiwa ndani na kiungo kinaachia kesho yake, hasa kikipata jua. Kabla ya kukutanisha, pitisha ile draya yako sekunde chache, na hapa draya ya nywele inatosha kabisa. Ukiona uso umepoteza weupe, bana.

Ikigusana imeshika, hakuna kurekebisha. Kwa mshono mrefu anza katikati ulikoweka alama, kisha ncha 2, halafu jaza kati yake. Ukianzia ncha moja na kwenda, utafika mwisho ukiwa umepotea mm 5 au zaidi, na dirii itapinda kama ndizi. Bonyeza kwa nguvu kwa vidole mshono wote; gundi hii inataka mbano, siyo muda wa kubanwa.

Upande wa mkeka wenye michoro ya vidoadoa ukwangue kwa msasa namba 80 popote gundi itakapopita, ule ung'avu wa kiwandani haushiki vizuri. Na michoro iweke ndani, siyo nje.

Moshi wa gundi hii unalevya na unaumiza kichwa. Barakoa ya kitambaa haizuii. Kopo lifungwe kila unapomaliza kuchota, na jiko lisiwe chumba hicho hicho: mvuke wake unawaka.

Kuhusu mikanda, kwa kuwa haikuulizwa na ndiyo inayovunjika kwanza. Ukibandika mkanda wa begi moja kwa moja kwenye foamu, gundi haitaachia, foamu yenyewe itachanika ngozi yake ya juu. Tanua eneo: ncha ya mkanda ibandike kwenye kiraka cha turubai sm 5 kwa 8, kiraka ndicho kibandikwe kwenye foamu. Panapobeba uzito, juu ya mabega ya dirii, toboa na upitishe ribiti yenye washa pana pande zote 2. Mafundi mabegi wanagonga ribiti kwa dakika chache. Mkanda wa inchi 1 na bizimu za plastiki za mabegi kwa dirii; lastiki pana ya inchi 1.5 kwa mikono na miundi.

Mapaja yaning'inize kwenye mkanda wa kiunoni, mkanda 1 nje na 1 mbele kila upande. Ukiyategemeza kwa kubana paja, hatua 20 yapo magotini. Na mikono usiifunge kuwa bomba kamili: kifundo kinaweza kuwa sm 17 lakini kiganja kinahitaji sm 24 kupita. Acha mpasuo upande wa ndani, funga kwa velkro.

---

Soli_Ngumu

Narudi kwenye chapeo. Hoja ya Kamba_ya_Chelezo kuhusu uso laini ni ya kweli, lakini huyu ni mtu wa kwanza kushika kazi hii na yupo kwenye nyumba, sijui kama ana uwanja. Faiba inataka nafasi ya nje, miwani, glovu, na vumbi lake la msasa linawasha wiki nzima na halifai kuvutwa hata kidogo. Foamu ikikosewa unakata kipande kingine. Ushauri wangu: chapeo ya kwanza iwe ya foamu. Mishono ijaze kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na vumbi la msasa wa foamu yenyewe, ikauke, isuguliwe. Si sawa na puti ya magari. Puti ya magari juu ya foamu inapasuka mara ya kwanza mtu akiibonyeza, kwa sababu foamu inakunjika na puti haikunjiki.

Vyovyote mtakavyokubaliana, shingo ya chapeo isiwe chini ya sm 64 kwa mzunguko. Kichwa ni sm 57 pale kwenye paji la uso tu. Pua na kidevu lazima vipite. Unataka shingo nyembamba? Ipasue nyuma na uifunge kwa sumaku.

---

Kamba_ya_Chelezo

Kwa mtu aliye chumba kimoja, sawa, nakubali. Foamu. Ila kama ana uwanja na msimu ni wa kiangazi, Juni hadi Agosti, msimamo wangu ni uleule.

---

Waya_Mwekundu

Taa na mvuke nayajibu pamoja kwa sababu vinatumia umeme mmoja.

Tumia mkanda wa LED wa volti 5, siyo wa volti 12. Wa 12 ndio umejaa madukani kwa sababu ya dari za jipsamu, lakini utahitaji betri za lithiamu 3 mfululizo na bodi ya kuzilinda, na betri zilizofumuliwa kwenye laptopu kuukuu hazina uhakika. Zisikae kifuani mwa mtu. Wa volti 5 unakwenda na pawabenki ya kawaida, ambayo ina ulinzi wake ndani. Mita 1 ya LED nyeupe 60 inakula kama ampea 0.9. Feni ndogo 2 za mm 40 za volti 5 ni ampea 0.1 kila moja. Jumla 1.1. Pawabenki ya kweli ya mAh 10,000 inatoa kama 6,000 kwa volti 5, maana ile 10,000 imehesabiwa kwa volti 3.7 na kuna upotevu njiani. Hiyo ni saa 5 na kidogo. Inakutosha.

Mtego: pawabenki nyingi zikiona mzigo mdogo sana zinajizima, zikidhani simu imejaa. Ukizima taa ukabakiza feni tu, feni inaweza kufa baada ya sekunde chache na hutajua kwa nini. Acha kipande kifupi cha LED kikiwaka muda wote.

LED zisitazame nje moja kwa moja, utaona nukta nukta. Zichimbie kwenye mfereji wa foamu wa kina cha mm 10, ndani upake rangi nyeupe, juu funika kwa plastiki ya dumu jeupe la mafuta ya kupikia lililosuguliwa kwa msasa 240. Mwanga unatawanyika vizuri.

Waya unaovuka kiwiko au bega uachie kitanzi cha sm 8, na kila kipande kiwe na plagi yake ya kuchomoa. Deraya inavuliwa kwa haraka mtu akizidiwa. Waya uliolehemiwa moja kwa moja kutoka kifuani hadi mkononi utakatika siku hiyo au utamzuia mtu kuvuliwa.

Kioo: nunua kioo cha ziada cha helmeti ya bodaboda. Kwa kawaida ni plastiki ngumu ya polikaboneti, tayari kina mkunjo, hakivunjiki vipande. Kata kwa msumeno wa meno madogo huku umebandika selotepu pande zote 2. Usikipashe moto kukibadili umbo, kinafanya mapovu ndani. Umbo la chapeo lifuate kioo, siyo kioo kifuate chapeo. Ukitaka uso usionekane, weka tinti ya gari, lakini nyepesi. Mtu atakuwa anatembea juu ya mawe.

Mvuke: feni zitoe hewa nje juu ya utosi, hewa mpya inaingia chini ya kidevu kwenye matundu yenye jumla ya eneo lisilopungua la feni. Feni inayopuliza ndani kuelekea usoni inakausha macho. Ndani ya kioo paka tone la sabuni ya maji ya vyombo, sambaza kwa kidole, acha ikauke, futa kwa kitambaa laini bila maji. Rudia kila unapovaa.

---

Kivuli_cha_Mwembe

Wakuu mmesema mengi, ila zile saa 4 za kuvaa mchana mmezipita haraka mno, na ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko gundi.

EVA ni vitundu vilivyofungwa. Haipitishi jasho wala hewa. Mtu aliyefunikwa kifua, mgongo, mapaja na kichwa anapika mwili wake. Mambo ya kufanya wakati wa kutengeneza, siyo baadaye: ndani ya dirii na mgongo bandika vitufe vya foamu vya sm 2 kwa 2, unene mm 10, kila baada ya sm 12 hivi, ili deraya isilale kwenye mwili na hewa ipande kutoka kiunoni hadi shingoni. Hesabu ya Soli_Ngumu ya unene iongezwe hapo: vitufe vya mm 10 vinaongeza mm 63 kwenye mzunguko mzima. Kwapani acha wazi. Chini ya mistari ya mapambo ya mgongo toboa matundu, hayaonekani.

Nguo ya ndani iwe ile nyepesi ya michezo, mikono mirefu, nyeusi. Mlango Mmoja kwenye mitumba zipo tele. Pamba nzito inalowa na haikauki.

Siku yenyewe awepo msaidizi asiyevaa deraya, mwenye maji na mkasi. Chapeo itoke kila dakika 30 hadi 40, na nje juani ipungue iwe 20. Chupa 2 ndogo za maji yaliyogandishwa, zikiviringishwa kitambaa, zinakaa vizuri mgongoni kati ya vitufe. Mtu akipata kizunguzungu, kichefuchefu, au akianza kuongea bila mpangilio, vua kila kitu, kivulini, mwagia maji na pepea. Kuchanganyikiwa si uchovu. Apelekwe hospitali hata kama anasema yupo sawa.

Picha za mawe ya ziwani: juu ya jiwe kavu, mbali na ukingo. Foamu inaelea, lakini inaelea pale ilipofungwa. Mapaja na miundi ikinyanyuka na kichwa kikiwa na chapeo iliyojaa maji, mtu anayejua kuogelea anazama. Kwa picha za karibu na maji, chapeo ishikwe mkononi.

Na hili la mwisho lisidharauliwe: usitumie kitambaa wala rangi za mabakamabaka. Sheria zetu haziruhusu raia kuvaa sare za jeshi, na JWTZ imekuwa ikionya hata kuhusu mavazi yanayofanana nazo. Nyeupe, kijivu, chungwa, buluu ya ziwa, zote zinampendeza askari wa anga. Silaha ya mkononi kama ipo, iwe na rangi inayosema wazi kuwa ni mchezo, na isibebwe kwenye daladala ikiwa wazi.

---

Jiwe_Juu_ya_Jiwe

Nimeandika yote kwenye daftari. Chapeo itakuwa ya foamu, magoti PVC. Nimebakiwa na rangi: nyeupe na chungwa. Nianze na nini ili isipasuke?

---

Soli_Ngumu

Pasha uso wote kwanza hadi ung'ae kidogo, vitundu vifunge. Kisha gundi nyeupe ya mbao sehemu 3 kwa maji sehemu 1, matabaka 4, kila moja lisubiri hadi liwe angavu. Mwanza siku ya unyevu hiyo ni saa 1 au zaidi. Usiipake ndani wala kwapani: jasho linairudisha kuwa gundi na itabanduka kama ngozi. Sehemu zinazokunjwa sana, zipake ile rangi ya maji ya kuzuia uvujaji wa paa, yenye asili ya mpira. Inavutika na foamu bila kupasuka, na nyeupe ipo.

Juu yake rangi ya kupuliza, sm 20 hadi 25 kutoka kwenye kipande, matabaka membamba 3 badala ya 1 nene. Nyeupe yote kwanza, ikauke siku 1, ndipo uzibe kwa selotepu ya karatasi na kupuliza chungwa. Selotepu ing'oe rangi ikiwa bado laini kidogo, ukiivuta kwa pembe. PVC ya magoti isugue kwa msasa 240 na uifute kwa spiriti kabla ya rangi, la sivyo kucha itaitoa.

Puliza kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, umande umekauka na upepo wa ziwa haujaamka. Jioni acha kabisa, na usiwashe taa karibu na kipande kibichi. Wale vijidudu vya ziwani wanaokuja kama moshi, hasa siku za mwezi mwandamo, wanafuata mwanga na wataganda kwenye nyeupe yako kwa mamia. Wakishaganda usiwafute, utapaka uchafu. Acha ikauke, wakwangue kwa msasa 400, puliza tabaka jingine.

---

Fundi_Gundi

Nyongeza moja. Ikikamilika usiiache ndani ya gari lililofungwa hata kama umeegesha kwa dakika 40 tu. Vitu vinavyopigwa na jua ndani ya gari vinaweza kupita nyuzi 60: gundi inalegea na mikunjo ya foamu inafunguka. Isafirishe vipande vikiwa vimejazwa magazeti ndani, chapeo juu.